Umenunua Betri ya Lithiamu? Usiifunge Kwenye Tela Kabla ya Kusoma Hapa

Leo naacha ufuta na korosho kidogo, nizungumzie betri. Najua wengi wenu mnamwagilia kwa sola, na wengi mmeanza kuulizia betri za lithiamu. Nina deni la kuwalipa kwenye hili, maana ushauri wangu mwenyewe uliwahi kukaribia kuunguza tela la watu.

Kuna kikundi cha vijana wanne hapa Mtanda. Wanakodi mashamba ya tikiti na nyanya, msimu huu Ng'apa, msimu mwingine Mingoyo. Kwa kuwa ardhi si yao, na paneli zikilala shambani peke yake asubuhi huzikuti, walichomelea tela. Juu wameweka paneli mbili za wati 300 kila moja, ndani ya boksi la bati kuna betri mbili za maji aina ya N200, chaji kontrola na inveta ya wati 1500. Pikapu ya mmoja wao inalivuta. Likifika shambani linaendesha pampu ya nusu hospawa, friji dogo la volti 12 la kuhifadhia chanjo za kuku na samaki wa kambini, na taa nne za ulinzi usiku. Wazo zuri sana, niliwasifu mpaka Nanenane pale Ngongo.

Baada ya mwaka mmoja na nusu betri zikafa. Wakaja ofisini: "Bwana shamba, tununue nini?" Nikajibu harakaharaka: "Nunueni lithiamu. Toeni za zamani, wekeni mpya, basi." Na muuzaji wa duka walilonunua Dar naye akawaambia hivyohivyo. Hela yenyewe ilikuwa ya mkopo wa vijana wa halmashauri, yenye marejesho kila mwezi.

Sentensi ile nimeijutia. Siku ya kwanza pampu ikiwashwa, mara moja kati ya tatu tela zima linazima, giza. Siku ya pili saa saba mchana friji likaungua kadi yake. Siku ya tatu wakawasha jiko la presha la umeme wapike maharage. Maharage hayajaanza kuchemka, harufu ya plastiki ikaanza. Waya wa inveta umeyeyuka. Kijana mmoja akaushika auchomoe, akaungua kiganja. Dumu la petroli la pikapu lilikuwa hatua moja kutoka pale.

Tikiti zilikuwa zinaanza kushika matunda. Zikakaa siku tatu bila maji na matunda machanga yakapukutika. Ndo nikaenda kukaa na fundi mwenye leseni, tukafungua kila kitu. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kwanza, betri hizi mbili si ndugu

Betri ya maji ina risasi na asidi, teknolojia iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Lithiamu inayofaa shambani ni ile ya chuma na fosfeti, inaandikwa LiFePO4. Hii iligunduliwa Marekani miaka ya 1990 kwenye maabara ya John Goodenough, mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Si sawa na lithiamu ya simu. Ya chuma na fosfeti imetulia zaidi kwenye joto, haishiki moto kirahisi. Ukinunua, hakikisha imeandikwa hivyo.

Tofauti zinazomhusu mkulima ni hizi:

- Betri ya maji usiitumie zaidi ya nusu. Ukizoea kuikausha, inakufa mapema. Lithiamu unatumia asilimia 80 bila wasiwasi.
- Betri ya maji ukiitumia hadi nusu inakupa mizunguko kama 300 hadi 500 ya kuchaji na kutumia. Lithiamu nzuri inakupa 2,000 na zaidi.
- N200 moja kuibeba ni kazi ya watu wawili. Lithiamu ya Ah 200 ni kilo ishirini na kitu, kijana mmoja anaipandisha kwenye tela.
- Betri ya maji ikilemewa, volti zinashuka, inveta inajizima. Lithiamu haishuki. Inatoa umeme kwa nguvu ileile mpaka karibu na mwisho.

Hiyo ya mwisho ishikeni vizuri, maana ndiyo iliyoyeyusha waya.

Je, kibiashara inalipa?

Msiangalie bei ya dukani peke yake. Angalieni bei ya uniti moja ya umeme katika maisha yote ya betri. Bei zinabadilika, kwa hiyo huu ni mfano wa hesabu tu.

Tuseme betri mbili za N200 ni shilingi milioni 1. Zikiwa mbili zina Ah 400, mara volti 12 ni Wh 4,800. Unatumia nusu, Wh 2,400. Mara mizunguko 400 unapata uniti 960. Gawanya: kama shilingi 1,040 kwa uniti.

Tuseme lithiamu moja ya Ah 200 ni milioni 1.6. Volti zake ni 12.8, kwa hiyo Wh 2,560. Asilimia 80 ni Wh 2,048. Mara mizunguko 2,500 ni uniti 5,120. Gawanya: kama shilingi 310 kwa uniti.

Kwa hiyo inalipa, lakini tu kama itaishi hiyo mizunguko. Ukiifunga vibaya ikafa mwaka wa kwanza, umenunua umeme ghali kuliko wa jenereta.

Kosa la kwanza: tulidhani betri zilikufa kwa uzee

Fundi alicheka alipoona kontrola. Ilikuwa ile ya bei rahisi, PWM, kwenye paneli za volti kama 32. Kontrola ya namna hiyo inailazimisha paneli ifanye kazi kwenye volti za betri. Paneli ile inatoa ampea kama 9. Mara volti 13 na kitu, ni kama wati 125. Yaani paneli ya wati 300 ilikuwa inawapa 125! Mbili, 250.

Sasa tazama matumizi yao ya siku:

- Pampu wati 370, saa 2 (alfajiri moja, jioni moja): Wh 740
- Friji: kama Wh 600
- Taa 4 za wati 10, saa 11: Wh 440
- Simu: Wh 60

Jumla Wh 1,840. Ukiweka na kinachopotea njiani, ni kama Wh 2,165. Paneli zinazotoa wati 250, kwa saa 5 za jua kali, hazifikishi hata Wh 1,250. Betri zilikuwa zinakopwa kila siku na hazilipwi. Zilikufa kwa njaa.

Dawa ni kontrola ya MPPT. Hii inaiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake, halafu inabadilisha ziada ya volti kuwa ampea. Paneli zilezile, wati 600 mara saa 5, ukitoa robo ya joto na vumbi, unapata kama Wh 2,250. Inatosha, ingawa kwa kubana. Ukubwa wa kontrola: wati 600 gawanya kwa volti 13 ni ampea 46, kwa hiyo tuliweka ya ampea 60. Angalia pia volti za juu inazoruhusu upande wa paneli. Ukiunga paneli mbili za namna hii kwa mfululizo unafika volti 80, kwa hiyo usinunue kontrola ya mwisho volti 60.

Ungebadilisha betri bila kubadilisha kontrola, hata lithiamu ingelala njaa.

Kosa la pili: kontrola ilikuwa imesetiwa kwa betri ya maji

Hili ndilo lililoua friji. Betri ya maji kila baada ya muda inahitaji kuchajiwa kwa volti za juu, 15 hivi, ili asidi ichanganyike. Kontrola inafanya hivyo yenyewe. Lithiamu haitaki kabisa.

Ndani ya lithiamu kuna kadi ya ulinzi, mafundi wanaiita BMS. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti: akiona volti zimezidi, anafunga. Saa saba mchana betri ilikuwa imejaa, kontrola ikapandisha volti, mlinzi akafunga geti. Umeme wa paneli ukakosa pa kwenda, volti kwenye nyaya zikaruka, na friji ndilo lililokuwa limeunganishwa pale. Kadi ikaungua.

Setingi tulizoweka:

- Volti za kuchaji: 14.2 hadi 14.4
- Volti za kushikilia ikishajaa: 13.5
- Ile ya kuchanganya asidi: zima kabisa
- Marekebisho ya volti kwa joto: weka sifuri

Kama betri yako imekuja na karatasi ya maelekezo, namba za kwenye karatasi ndizo bosi, si zangu. Kama kontrola yako haina sehemu ya lithiamu wala haikubali kuandika namba zako, usiitumie.

Na utaratibu wa kufunga: betri kwanza kwenye kontrola, halafu paneli. Kufungua ni kinyume, paneli kwanza, betri mwisho. Ukichomoa betri paneli zikiwa juani, unarudia kosa lilelile la friji kwa mkono wako.

Kosa la tatu: mlinzi wa geti alikuwa mdogo

Pampu ya wati 370 inapowaka, kwa muda mfupi inavuta mara tatu hadi tano ya hapo. Mara tano ni wati 1,850. Gawanya kwa volti 12, ongeza kinachopotea kwenye inveta, unakaribia ampea 180. Betri yao iliandikwa Ah 200 kwa herufi kubwa, lakini kwa herufi ndogo BMS ilikuwa ya ampea 100. Ikiona ampea 180 inadhani ni shoti, inakata.

Vijana, Ah ni ukubwa wa tenki, ampea za BMS ni unene wa bomba. Ukiwa na pampu au mota yoyote, uliza vyote viwili. Sisi betri hatukuirudisha. Tuliweka kifaa cha kuwashia pampu polepole, na tangu siku hiyo haijazima. Lakini kama bado hujanunua, chukua yenye BMS ya ampea 200.

Kosa la nne: waya

Hapa ndo pa kuogopa. Waya wa inveta ulikuwa wa milimita 10 za mraba, urefu mita tatu, na katikati umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu. Kwa mwaka mmoja na nusu haukuwahi kuungua. Kwa nini uungue siku ya maharage?

Kwa sababu betri ya zamani ilikuwa inachoka kabla waya haujachoka. Ukiwasha jiko la wati 1,000, ndani ya dakika chache volti zinaanguka, inveta inalia na kuzima. Uchovu wa betri ulikuwa unailinda tela bila mtu kujua. Lithiamu ikatoa ampea 90 na kitu, dakika baada ya dakika, bila kuchoka. Pale kwenye kiungo, ambapo chumvi ya bahari ilishaanza kuweka ukungu wa kijani, joto likapanda mpaka plastiki ikayeyuka.

Na fyuzi? Haikuwepo. Lakini hata ingekuwepo ya ukubwa wa inveta ile, ampea 90 zisingeikata. Fyuzi inalinda dhidi ya shoti na ampea zilizozidi kiwango chake, haiwezi kuona kiungo kibovu. Kiungo kibovu kinaonwa na macho na mkono wako.

Inveta ya wati 1,500 ikifanya kazi yote inavuta hadi ampea 147 hivi. Kwa hiyo tulifanya hivi:

- Waya wa shaba wa milimita 50 za mraba, mfupi, usiozidi mita moja na nusu. Inveta ikasogezwa karibu na betri.
- Hakuna kuunga katikati. Kila mwisho una kichwa cha shaba kilichobanwa kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo.
- Fyuzi ya ampea 200 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Iwe ya kuhimili shoti kubwa, ya aina ya T. Lithiamu ikipigwa shoti inatoa maelfu ya ampea. Fyuzi ndogo za gari zinaweza kukatika huku cheche ikiendelea kuruka ndani.
- Kutoka kontrola hadi betri, waya wa milimita 16 na fyuzi ya ampea 70.
- Swichi kubwa ya kuzima kila kitu, nje ya boksi, ili mtu asilazimike kushika waya wa moto.

Kuchaji kutoka kwenye pikapu

Siku za mawingu ya masika vijana walizoea kuunga waya moja kwa moja kutoka betri ya pikapu hadi kwenye tela. Kwa betri ya maji ilivumilika. Lithiamu inakunywa kama ng'ombe mwenye kiu. Itavuta kila ampea ambayo altaneta inaweza kutoa, na gari likiwa limesimama linaunguruma, altaneta haipati upepo wa kuipoza. Inaungua.

Weka katikati chaja ya betri kwa betri, ile ya kubadilisha volti 12 kwenda 12 inayopima ampea. Ya ampea 30 inakupa wati kama 390. Saa mbili za safari na kuzunguka mjini zinakupa karibu Wh 780, yaani chakula cha pampu cha siku nzima.

Bahari, jua na maji

Sisi tuko pwani, mambo mengine hayapo kwenye maelekezo ya kiwandani.

Boksi la bati juani saa nane mchana linawaka. Betri nyingi za aina hii hazitaki kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Tulitoboa matundu chini na juu, tukaweka wavu wa kuzuia panya, tukapaka boksi rangi nyeupe, na betri ikakaa upande wa kivuli. Inveta nayo isikae juu ya betri.

Chumvi: kila mwezi fungua, piga brashi, kaza nati, paka mafuta mazito ya kulainishia. Tela linatikisika njiani, nati zinalegea.

Inveta inatoa volti 230 juu ya tela la chuma, kwenye shamba lililolowa, na watu wengine miguu peku. Weka kifaa cha kukata umeme ukivuja, na nondo ya ethi chini kila mnapoegesha. Hapa usijaribu mwenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Kama kwenye kikundi kuna mwenye kipaji, mpelekeni VETA akasome.

Petroli ikae mbali na tela. Hili halina mjadala.

Usidanganywe na volti

Mlizoea: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Kwa lithiamu sahau. Kati ya volti 13.3 na 13.0 imejificha zaidi ya nusu ya chaji yote. Unaona 13.1 unajisifu, kumbe alfajiri hutafika. Nunua mita yenye shanti, inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka kama karani wa AMCOS anavyohesabu magunia. Inveta nayo, kama inakubali, isetiwe ikate kwenye volti 12, isisubiri 10.5 ya kiwandani. Msimu ukiisha na tela linalala, iache betri ikiwa nusu, swichi imezimwa.

Mpangilio wa manunuzi

Kama hela haitoshi kwa mara moja, anza na kontrola ya MPPT. Hata betri yako ya zamani itanufaika, ukiiseti kwa betri ya maji. Halafu nyaya, fyuzi na swichi. Betri iwe ya mwisho. Wengi wanaanza na betri kwa sababu ndiyo inayoonekana. Na weka fyuzi mbili za akiba. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika Somanga mmeona wenyewe mzigo wa Dar ulivyokwama. Fyuzi ya akiba ni ndogo, lakini tikiti haisubiri barabara.

Kikundi kile bado kinalipa marejesho. Tikiti za msimu ule hazikurudi, na friji walinunua jingine. Kijana wa kiganja amepona, alama ipo. Tela sasa linafanya kazi usiku na mchana, na maharage wanapika saa sita jua likiwa kali, si usiku.

Niliwaomba radhi, na nawaomba na ninyi mliopata ushauri kama ule kutoka kwangu. Kama umeshafunga lithiamu, leo hii kabla hujawasha pampu ya jioni, fungua boksi. Gusa plastiki ya waya wa inveta baada ya dakika kumi za kazi, mbali na vichwa vya shaba. Ukiwa wa moto kiasi cha kuondoa mkono, zima, uje ofisini tuzungumze.

Tuonane shambani.